Je, Wajua? Muamala Umekwama Tibirinzi, Mgonjwa Yuko Virginia

Je, wajua kwamba "mtandao hakuna" ni jina moja la magonjwa matano? Sikukuu ya Idi, watoto wamejaa viwanja vya Tibirinzi kisiwani Pemba, mama anataka kutoa pesa za pembea. Wakala anazima simu, anaiwasha, anatoka nayo hadi barabarani. Kosa laweza kuwa kwenye simu, mnara, mkongo wa baharini, seva ya kampuni au seva ya benki. Wakala anaona duara linazunguka tu.

Tarehe 12 Mei 2024 ilikuwa mikongo. EASSy na Seacom zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, Tanzania nzima ikasota.

Je, wajua kwamba hadi 2015 seva za M-Pesa ya Kenya zilikuwa Ujerumani? Pesa ya jirani kwa jirani Nairobi ilipita Ulaya kwanza.

Ping, kipimo cha kwanza cha kila fundi anayetafuta kosa liko wapi, iliandikwa na Mike Muuss mwaka 1983. Jina kalitoa kwenye mlio wa sonar za manowari: unapiga, unasikiliza mwangwi.

Lakini ping haitoshi pale ombi moja linapopita seva mia. Mwaka 2010 Google walieleza mfumo wao wa ufuatiliaji, Dapper: kila ombi linapewa namba, na kila seva inaandika namba ileile pamoja na muda iliotumia. Ni kama mzigo wa bandari ya Mkoani wenye alama ya wino. Ukipotea, unauliza ulionekana mwisho wapi. Mwanzoni walifuatilia ombi moja tu katika kila 1,024, kufuatilia yote kungeilemea mitambo.

Je, wajua kwamba anayepiga kelele sana si lazima awe mgonjwa? Jumatatu, 20 Oktoba 2025, saa 3:48 asubuhi kwa saa zetu, huduma chungu nzima za Amazon huko Virginia zilianza kulia. Chanzo kilikuwa kimoja: programu mbili za kutunza anwani za hifadhidata ya DynamoDB zilipishana, moja ikafuta kazi ya mwenziwe, anwani ikabaki tupu. Hifadhidata ilikuwa nzima, ila hakuna aliyejua njia ya kwenda kwake. Saa 6:25 mchana anwani ilirudi. Mitambo ya kuwasha seva, iliyokuwa imelimbikiza kazi, ilielemewa na kuhema hadi karibu saa 6 usiku.

Facebook nayo, 4 Oktoba 2021: seva zake za majina hazikufikia vituo vya data, zikajihesabu wagonjwa, zikajiondoa zenyewe kwenye intaneti. WhatsApp, ya kampuni hiyohiyo, ikanyamaza saa sita hivi.

Na hili ndilo nilipendalo. Tarehe 28 Februari 2017 fundi wa Amazon alikosea amri moja, akazima seva nyingi kuliko alizokusudia. Ukurasa wa kuonesha hali ya huduma uliendelea kuwaka kijani. Kuubadilisha kulitegemea huduma ileile iliyoanguka, ikabidi watangaze Twitter.