Jina Kabla ya Mchoro: Alama za Maliasili katika Ramani ya Njia ya Misafara ya Tabora



1.0 Utangulizi

Mhadhara huu unahusu alama ndogo zichorwazo katika ramani za michezo ya mkakati ili kuonyesha mahali yapatikanapo maji, chumvi, asali, mbao, madini na maliasili nyinginezo. Huenda baadhi yenu mkajiuliza suala hili lina uhusiano gani na taaluma ya Kiswahili, maana kuchora ni kazi ya msanii na kuunda mchezo ni kazi ya mtaalamu wa kompyuta. Nakusudia kuonyesha kwamba kabla ya kalamu ya msanii kuna kazi ya mwanaisimu. Alama ya ramani huwa wazi pale msomaji anapoitazama na kuitaja kwa jina moja, yaani lile lililokusudiwa, bila kusita baina ya majina mawili. Kwa hiyo, anayebuni alama kwa ajili ya wasemaji wa Kiswahili hana budi kuanza na jina, ndipo achore.

Ili hoja isielee hewani, tuchukulie kwamba wanafunzi wetu wanabuni mchezo ambao ramani yake ni njia ya misafara ya karne ya 19, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji kupitia Tabora. Tuchukulie pia kwamba wachezaji wake wa kwanza ni vijana wa Isevya, mojawapo ya kata za Manispaa ya Tabora. Nimechagua mahali hapo kwa sababu mbili. Kwanza, Tabora ndipo njia zilipokutana na kuachana: moja ikielekea Ujiji na Ziwa Tanganyika, nyingine ikipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Burton na Speke walipofika huko Novemba 1857, katika makazi waliyoyaita Kazeh, walikuta wafanyabiashara kutoka pwani wamekwisha kuweka maskani. Pili, kijana wa Isevya wa leo anaishi juu ya historia hiyo, lakini vitu anavyoviona kila siku ni vingine. Anajua asali, mninga, miembe na gari la moshi, ambalo reli yake ilifika Tabora mwaka 1912. Pembe ya ndovu huenda ameiona kitabuni tu. Mchoraji asiyejua tofauti hiyo atachora alama zinazoeleweka kwake mwenyewe.

2.0 Istilahi na Aina za Alama

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kina maneno matatu yanayokaribiana: maliasili, rasilimali na mtaji. Maliasili ni mali itokanayo na asili: msitu, wanyama, maji, madini. Rasilimali limetoka katika Kiarabu, likiwa na maana ya kichwa au msingi wa mali. Hutumika kwa kitu chochote kinachoweza kuzalisha, hata fedha na nguvukazi. Mtaji ni kile kinachowekwa ili kupata faida, na wachezaji wa bao wanalijua neno hilo pia kama jina la hatua ya mchezo. Ramani ya mchezo wetu inaonyesha maliasili. Ghala la mchezaji linaonyesha rasilimali. Tutaona baadaye kwamba tofauti hii ya maneno inaleta tofauti ya michoro.

Kuhusu alama, mgawanyo wa mwanafalsafa wa Marekani, Charles Sanders Peirce, ungali na manufaa. Ipo alama inayofanana na kitu chenyewe, kama mchoro wa samaki kwa maana ya samaki. Ipo inayoelekeza kwa kuwa na uhusiano na kitu hicho, kama moshi kwa maana ya moto. Tena ipo iliyokubaliwa tu na watumiaji, kama herufi. Majina ya mahali katika njia ya misafara yalifanya kazi ya aina hii ya tatu. Eneo kavu baina ya Ugogo na Unyamwezi liliitwa Mgunda Mkali, na jina hilo pekee lilimtosha mpagazi kujua kwamba mbele yake kuna uhaba wa maji. Wasafiri wengi hawakuwa na ramani ya karatasi. Walikuwa na mfuatano wa majina ambao kirongozi, yaani kiongozi wa msafara, aliujua kwa moyo. Hivyo, katika njia hii jina lilitangulia mchoro kihistoria.

3.0 Majina Yanayoutega Mchoro

Sasa tuyapime maneno machache.

Mfano wa kwanza ni mzinga. Misitu ya miombo ya Tabora inasifika kwa asali na nta, na mji huo una Chuo cha Ufugaji Nyuki. Mzinga wa jadi hutengenezwa kwa gogo lililochimbwa ndani au kwa gome la mti, nao ni mrefu na wa mviringo. Lakini mzinga ni pia silaha kubwa ya kivita, nayo ni ndefu na ya mviringo. Katika mchezo wa mkakati, ambamo majeshi na mali hukaa katika ramani moja, gogo lililolazwa chini litasomwa na wengine kuwa ni silaha, na wengine kuwa ni mbao. Dawa yake si kuongeza nakshi, bali ni kuchora mahali pake: mzinga wa nyuki huning'inia katika tawi. Tawi moja na kamba mbili zinatosha kuondoa utata wote. Gogo la mbao nalo lionyeshwe limelala, upande uliokatwa ukiwa na duara za umri wa mti. Mti mzima usitumike kwa maana ya mbao, kwa kuwa kwa mkazi wa Tabora mti wenye kichwa cha mviringo ni mwembe, na mwembe humletea fikra ya kivuli na matunda kabla ya ubao.

Mfano wa pili ni chumvi. Chumvi haina umbo lake. Lundo jeupe linaweza kuwa unga, sukari, mchele au hata pamba, ambayo hulimwa Igunga na Nzega. Hapa alama ya kufanana inashindwa, na inatupasa kutumia ile ya kuelekeza. Katika chemchemi za Uvinza, karibu na mto Malagarasi, maji ya chumvi yalichemshwa katika vyungu kwa zaidi ya miaka elfu moja, kama uchimbuzi wa akiolojia wa mwaka 1967 ulivyobainisha. Chungu juu ya mafiga kingesomwa kuwa ni mapishi. Chemchemi peke yake ingesomwa kuwa ni maji. Vikiwekwa pamoja, chungu kando ya chemchemi, msomaji hulazimika kuuliza ni maji gani yapikwayo, na jibu huwa ni chumvi.

Mfano wa tatu ni shaba. Shaba ya Katanga iliyofika Unyamwezi ilipitia mikononi mwa wafanyabiashara kama Wasumbwa, ambao miongoni mwao alitoka Msiri, mtawala wa Bunkeya aliyeuawa mwaka 1891. Baadhi ya shaba hiyo ilikalibiwa katika umbo la msalaba. Mchoraji mwenye bidii, baada ya kusoma historia, atavutwa kuchora msalaba huo, na kihistoria atakuwa amesema kweli. Hata hivyo, msomaji wa Isevya atasema ni kanisa au zahanati. Usahihi wa kihistoria na uwazi wa alama ni mambo mawili tofauti, na moja haliwezi kulipia upungufu wa jingine.

Mfano wa nne ni tone. Tone hutumiwa kimataifa kwa maana ya maji, lakini katika karatasi isiyo na rangi tone la maji, la asali, la mafuta na la damu ni tone lile lile. Kiswahili chenyewe kinakiri jambo hilo, kwani husema tone la kitu fulani. Neno hilo halijitoshelezi. Isitoshe, msafiri hakuhitaji kujua kwamba kuna maji tu. Alihitaji kujua kama ni kisima, chemchemi, bwawa au mto, kwa kuwa baadhi ya hivyo hukauka kiangazi.

4.0 Chanzo na Shehena

Nilisema kwamba maliasili na rasilimali zinadai michoro tofauti. Mchezo wa Catan, uliobuniwa na Klaus Teuber na kutolewa Ujerumani mwaka 1995, unalionyesha hilo vizuri. Ubaoni pamechorwa nchi: msitu, vilima, malisho, mashamba na milima. Kadi za mchezaji zina mazao yake: mbao, matofali, sufu, nafaka na mawe ya madini. Mchezaji hachanganyi mahali na mzigo. Lakini mfano huo huo unatuonya tusiige bila kufikiri. Kondoo wa Catan humaanisha sufu. Kwa mchezaji wa Tabora kondoo ni nyama.

Kwa upande wetu, sarufi ya Kiswahili inatupatia kipimo kilicho tayari. Tunasema ndovu wanapita, lakini pembe zinabebwa. Kiumbe hai huchukua upatanisho wa a-/wa-, hata kama jina lake halina kiambishi cha ngeli hiyo. Pembe yake iliyokatwa huchukua i-/zi-. Basi katika ramani achorwe ndovu, na katika ghala ichorwe pembe. Katika mchezo wa Civilization V wa mwaka 2010, pembe za ndovu huonyeshwa ramani kwa ndovu wenyewe. Uamuzi huo unaafikiana na sarufi yetu, tena unamkumbusha mchezaji kwamba mali hiyo ilikuwa na uhai kabla ya kuwa mali. Pembe peke yake ingeleta pia utata wa jina, kwa kuwa neno hilo humaanisha pembe ya ng'ombe, na vilevile kona.

Kipimo hicho cha ngeli kinagusa jambo zito zaidi. Njia hii haikupitisha pembe na chumvi peke yake. Walipita wapagazi, wengi wao Wanyamwezi huru waliofanya kazi kwa ujira, na walipita watu waliotekwa na kuuzwa. Mbunifu anayeorodhesha bidhaa za njia hiyo anaweza kujikuta amemweka mtumwa katika orodha moja na asali na shaba, akampa alama ya ukubwa ule ule na tarakimu pembeni. Kiswahili hakikufanya hivyo. Hata katika matini za wafanyabiashara wa zama hizo, mtumwa alibaki katika upatanisho wa watu. Ufunguo wa ramani usiwe na adabu ndogo kuliko sarufi. Historia hiyo isifichwe. Ielezwe katika masimulizi ya mchezo, pale watu wanapotenda na kutendwa, wala isiwekwe miongoni mwa maliasili za kukusanya.

5.0 Umbo, Rangi na Herufi

Alama ya ramani huwa ndogo kama punje, hivyo kinachosomwa kwanza ni umbo la nje. Ubao wa bao unatufundisha hili. Mashimo yake ni 32, na katika mbao nyingi shimo la nyumba hutofautishwa kwa kuwa la mraba. Hakuna picha wala maandishi, ila tofauti moja ya umbo, na kila mchezaji anajua mahali penye akiba yake kubwa.

Rangi isaidie umbo, isichukue nafasi yake. Vivumishi asilia vya rangi katika Kiswahili ni vitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine tumezipata kwa kuelekeza kidole kwenye vitu: kijani kutokana na jani, kahawia kutokana na kahawa, kijivu kutokana na jivu, manjano ambayo ni bizari. Kwa hiyo rangi ya kahawia inaweza kumfanya msomaji atafute kahawa pale mchoraji alipokusudia mbao. Aidha, wapo wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani, na shuleni ramani nyingi hunakiliwa kwa rangi nyeusi peke yake.

Herufi nazo si kimbilio salama. Katika ramani za kipimo cha 1:50,000 tunazofundishia usomaji wa ramani, herufi BH husimama badala ya neno la Kiingereza lenye maana ya kisima kilichochimbwa kwa mashine. Mwanafunzi asiyejua neno hilo huikariri alama bila kuielewa.

6.0 Namna ya Kupima

Mwaka 1960 William Hudson alichapisha utafiti alioufanya Afrika Kusini kwa kutumia picha za mwindaji, swala na ndovu. Ndovu alichorwa mdogo ili aonekane yuko mbali. Waliosema kwamba ndovu yuko karibu na mwindaji kuliko swala walihesabiwa kuwa hawawezi kusoma umbali katika picha. Wataalamu wa baadaye walionyesha kwamba kilichopimwa kwa kiasi kikubwa kilikuwa ni mazoea ya mtindo fulani wa kuchora. Tusirudie kosa la kumtwika msomaji udhaifu wa mchoro.

Napendekeza hatua tatu. Kwanza, wasomaji waonyeshwe mchoro usio na maandishi na kuulizwa, "Hiki ni nini?" Kila jina liandikwe kama lilivyotamkwa, liwe la Kiswahili au la Kinyamwezi. Pili, wasomaji wengine watajiwe jina na kuombwa wachague mchoro wake miongoni mwa yote. Tatu, waulizwe kitu hicho hupatikana wapi na hufanyiwa nini. Alama iliyopata majina mawili yenye nguvu sawa irudishwe kwa mchoraji pamoja na majina hayo, kwani ndiyo yatakayomwonyesha cha kurekebisha.

7.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba utata wa alama za ramani aghalabu huanzia katika lugha, na kwamba lugha hiyo hiyo ina zana za kuuondoa: polisemia hutuonya, upatanisho wa kisarufi hutuongoza, na etimolojia hutukumbusha rangi zilikotoka. Orodha ya majina ya maliasili za magharibi mwa Tanzania, pamoja na maana zake zote na michoro inayozaa, ni kazi inayoweza kufanywa na wanafunzi wa shahada ya kwanza kwa daftari na kalamu. Ikifanywa vyema, itawafaa wabunifu wa michezo, waandishi wa vitabu vya jiografia na wachora mipango ya matumizi ya ardhi vijijini. Huko vijijini, tofauti baina ya kisima na bwawa au baina ya msitu wa mizinga na msitu wa mbao huamua nani ataruhusiwa kuingia na nani atazuiwa.