Asilimia 40 ambazo Mbau inazingoja

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 haitaji shirikisho, lakini inalipa jimbo serikali yake na bunge lake. Kifungu cha 3 kinaipa hata sekta, kama Beni-Mbau, haki ya kujiongoza na kusimamia mali yake. Na kifungu cha 175 kinasema: asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, yakatwe hapo hapo yanapokusanywa. Kwa matendo, makuta hupanda kwanza Kinshasa, kisha jimbo linangoja kurudishiwa.

Tangu tarehe 6 Mei 2021, uwezo wenyewe nao ulipanda. Kupitia état de siège, Kivu Kaskazini na Ituri zilipewa magavana wanajeshi, mabunge ya majimbo yakasimamishwa. Zilikuwa siku 30, zikaongezwa siku 15, tena 15, hadi zikawa miaka. Mauaji ya ADF, ambayo Mbau inayajua sana, hayakuisha.

Baada ya M23 kuteka Goma Januari 2025, ofisi za jimbo zilihamia Beni. Gavana yuko kilomita kama 20 tu na Mbau. Anayemteua, hata hivyo, ni rais wa Jamhuri.