Tamthilia ya Televisheni kama Matini ya Chuo Kikuu

Katika taaluma za insia, yaani fasihi, historia, falsafa na nyinginezo zinazochunguza utu na fikra za binadamu, matini ni kazi yoyote inayosomwa kwa kuchambuliwa, nayo tamthilia ya televisheni imekwisha kupewa hadhi hiyo katika vyuo kadhaa vya Marekani. Mfano ulio wazi ni The Wire, iliyorushwa na kituo cha HBO kuanzia 2002 hadi 2008 katika misimu 5 yenye sehemu 60. Muasisi wake, David Simon, aliyekuwa mwandishi wa gazeti la Baltimore Sun, akishirikiana na Ed Burns, mpelelezi wa polisi aliyegeuka mwalimu, aliuchora mji wa Baltimore kwa kuhama kila msimu: kutoka dawa za kulevya hadi bandari, siasa, shule na gazeti.

Mwanasosholojia William Julius Wilson aliitumia katika Chuo Kikuu cha Harvard kufundishia ukosefu wa usawa mijini, na faida yake ni kubwa, ingawa mwalimu wa insia hana budi kuhofia kwamba kazi ya sanaa ikichukuliwa kuwa ushahidi wa umaskini tu, ufundi uliousuka ushahidi huo hautaonekana kabisa.

Ufundi huo hudhihirika katika mjadala wa utanzu. Simon ameilinganisha kazi yake na tanzia ya Kiyunani, ambamo taasisi zimeshika mahali pa miungu. Linda Williams, mhakiki wa filamu wa Berkeley, katika kitabu chake cha 2014, aliiweka katika melodrama, utanzu unaodai haki kwa kuamsha huruma. Mwanafunzi anayetakiwa kuamua kati yao hawezi kuegemea muhtasari wa kisa, bali hulazimika kurudia onyesho lilelile na kupima maneno, ukimya na pembe ya kamera.

Tena, tamthilia ina matoleo, jambo ambalo walimu wengi hulipita. The Wire ilitangazwa kwa picha ya upana 4 kwa kimo 3, lakini mwaka 2014 HBO ilitoa toleo la 16 kwa 9, ambamo mahali pengine picha ilipanuliwa pembeni na pengine ikakatwa juu na chini, hata mpangilio wa wahusika ukabadilika. Mhakiki wa tenzi za kale hulinganisha nakala za mswada kabla ya kutoa hukumu. Mwalimu wa tamthilia naye auandike mtaala wake akitaja toleo litakalotazamwa, na atenge saa za kuitazama sehemu moja mara mbili.