Mtoni hakuna forodha: Siku ya kasia na ndoano mjini Jinja

Mzigo ukikwama Malaba au Busia siku ya Ijumaa kwa kosa la hati, mwenye mali hujikuta ana siku nzima ya kungoja. Kurudi nyumbani ni nauli, na kushinda kwenye yadi ya malori ni kujichosha roho. Ndipo mmoja katika kundi anapotaja Jinja: mji uko njiani, mto uko mlangoni, mitumbwi ipo na samaki wapo. Watu kumi wanachanga, matatu inakodiwa, na safari ya kesho imeiva.

Tatizo ni kwamba wafanyabiashara hao hao, ambao hawavushi hata gunia la mahindi bila kuhakiki uzito, cheti na risiti, huingia majini bila kuuliza lolote. Mpakani yupo ofisa wa kumrudisha aliyekosea. Mtoni hakuna forodha. Aliyekosea huligundua kosa lake nchi kavu ikiwa tayari iko mbali.

Mto mmoja, maji ya aina mbili

Jinja, kilomita 80 hivi mashariki ya Kampala, ndipo Mto Nile unapotoka Ziwa Viktoria. Aliyesoma shuleni habari za maporomoko ya Ripon hatayaona tena. Yalifunikwa na maji baada ya kujengwa bwawa la Owen Falls, lililokamilika mwaka 1954 na ambalo leo linaitwa Nalubaale. Kando yake kukajengwa bwawa la Kiira. Mwaka 2012 likazinduliwa bwawa la Bujagali, la megawati 250, kilomita nane hivi chini ya Nalubaale, nalo likameza maporomoko yaliyokuwa na jina hilo. Mwaka 2019 likafuata bwawa la Isimba, la megawati 183, mbali zaidi upande wa kaskazini.

Mabwawa hayo ndiyo yanayoamua mgeni aende wapi. Kati ya Nalubaale na Bujagali, mto umetuama ukawa mfano wa ziwa refu na jembamba. Hapo ndipo panapomfaa anayeshika kasia kwa mara ya kwanza, na anayetaka kutupa ndoano akiwa ametulia. Chini ya ukuta wa Bujagali, maji hurudia hasira yake. Kuna miamba na maporomoko, likiwamo la Itanda, ambayo ni ya watu waliofunzwa, wenye kofia ngumu na kiongozi anayeujua mto.

Kutoka maji ya kwanza hadi ya pili si safari ndefu kwa bodaboda. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, mwenye kukodi chombo aulize kwanza: tunaanzia juu ya bwawa au chini yake, na tutaishia wapi? Mwenye mtumbwi asiyeweza kujibu hilo waziwazi aachwe, hata kama bei yake ni nusu ya wenzake.

Jambo la pili ni kwamba maji ya mto huu yana ratiba. Mitambo hupitisha maji mengi au machache kulingana na umeme unaohitajika, na chini ya bwawa kina hupanda na kushuka ndani ya siku moja. Jiwe lililokuwa kavu asubuhi laweza kuwa limezama jioni. Mvuvi hachagui kuketi kwenye mwamba wa katikati ya mto, na mtumbwi hauachwi ukingoni bila kufungwa. Karibu na kuta za mabwawa hakuendwi kabisa, kwa kuwa maji huvutwa kuelekea kwenye mitambo. Aidha, hayo ni maeneo ya ulinzi, na simu iliyoinuliwa kupiga picha yaweza kumpotezea mtu nusu siku akijibu maswali.

Ziwani nako kuna visiwa vya magugu na udongo vinavyoelea na kusukumwa na upepo. Aprili 2020, kisiwa cha namna hiyo kilifika Nalubaale, kikaziba mitambo na kuiacha Uganda gizani. Kilichoweza kusimamisha mitambo ya umeme hakishindani na kasia. Kikionekana, mtumbwi hugeuzwa mapema.

Saa ya kuondoka, saa ya kurudi

Ngurumo na dhoruba za Ziwa Viktoria zina tabia yake. Juu ya ziwa lenyewe huja zaidi usiku na alfajiri, na nchi kavu huja zaidi alasiri hadi jioni. Jinja iko pale ziwa na nchi kavu vinapokutana. Kundi lenye busara hulitazama anga kunapopambazuka, huanza safari saa mbili asubuhi kama kuko shwari, na kufikia saa saba mchana linakula nchi kavu. Radi ya kwanza ikisikika, hata kwa mbali, ni amri ya kurudi. Samaki anayekaribia kunasa si hoja.

Wanaotoka Rwanda, Burundi na mashariki ya Congo wakumbuke kwamba saa ya Uganda iko mbele ya yao kwa saa moja. Kuchelewa kwa saa hiyo moja kunaweza kumwingiza mtu katika mvua ya alasiri.

Hati za safari nazo zisisahauliwe. Raia wa Kenya na Rwanda huingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania abebe pasipoti au hati ya muda ya kusafiria.

Jaketi si pambo

Mwaka 2018 haujasahaulika kandokando ya ziwa hili. Septemba 20, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Tanzania. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa walikuwa zaidi ya 220. Miezi miwili baadaye, jioni ya Jumamosi ya Novemba 24, boti iliyobeba watu waliokuwa kwenye sherehe ilizama karibu na Mutima, wilayani Mukono, Uganda, na zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Maofisa walisema boti hiyo haikuwa na leseni na ilizidisha watu.

Abiria wa Mukono walikuwa wametoka kustarehe, kama wanavyotoka wafanyabiashara wanaochanga pesa kwenda Jinja. Hilo ndilo linalopaswa kumtia mtu hofu yenye manufaa. Nchi kavu, gari lililozidisha abiria husimamishwa na askari njiani. Majini, wa kusema "tumetosha" ni abiria mwenyewe.

Jaketi okozi moja kwa kila mtu, mtoto na mkubwa, ndiyo sharti la kwanza. Livaliwe na kufungwa vifungo vyote kabla ya mguu kuingia mtumbwini. Jaketi lililokaliwa kama mto wa kiti halimwokoi mtu. Njia rahisi ya kulipima ni kulivuta juu mabegani: likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno. Anayejua kuogelea naye avae, maana akigonga jiwe na kuzimia, ujuzi wake haumsaidii.

Mavazi pia yapangwe. Gomesi, kanzu na suruali za jinzi hunywa maji na kuwa mzigo. Nguo nyepesi, kofia na viatu vyenye mkanda vinatosha. Na mtaji usipande mtumbwi. Wengi wanaovuka mpaka hutembea na fedha za wiki nzima, simu mbili na laini za nchi tatu. Vyote hivyo vibaki kwa mtu mwaminifu nchi kavu, isipokuwa simu moja iliyofungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Baada ya safari kuna jambo lisiloonekana: kichocho. Ugonjwa huu upo katika maji ya ziwa na mto, na huingia kupitia ngozi. Anayelowa akwepe kusimama kwenye maji yaliyotuama penye majani na konokono. Wiki sita hadi nane baadaye apite kituo cha afya na kueleza alikokuwa. Dawa ipo.

Samaki wa kula, samaki wa kuuza

Kwenye boti moja samaki mmoja anaweza kuwa na majina matatu. Mtanzania humwita sangara, Mkenya humwita mbuta, Mganda humwita mputa. Sato wa Mwanza ndiye ngege wa Kisumu na Jinja. Majina hutofautiana, ila kipimo kipo. Nchini Uganda, sangara wa chini ya inchi 20 na sato wa chini ya inchi 11 hawaruhusiwi kuvuliwa. Aliyenasa kwa ndoano humrudisha mdogo majini akiwa hai, mikono ikiwa imeloweshwa kwanza ili asichubuke. Wa kupanga kutupa ndoano aulize mapema pia kuhusu kibali cha uvuvi, kwa mwenye chombo au kwa ofisa uvuvi wa wilaya.

Hapa ndipo jicho la biashara linapoweza kumponza mwenyewe. Kumwona samaki wa bei nafuu ukingoni na kupakia kreti mbili za kwenda nazo Busia ni rahisi. Cheti rahisi cha uasili wa bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki humsaidia mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani asitozwe ushuru wa forodha kwa bidhaa zilizo kwenye orodha. Lakini hakiondoi vibali vya samaki na afya, wala hakimkuzi samaki mchanga. Kreti ikikamatwa, hasara ni ya aliyeibeba, si ya aliyemuuzia.

Makao ya Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, linalounganisha nchi za ziwa hili katika kutunza samaki, yako Jinja hapo hapo. Sangara anayeachwa leo akiwa mdogo hana uraia. Mwakani anaweza kunaswa Homa Bay au Musoma.

Kanuni hizi zinamfaa pia mwenye njia nyingine. Anayetoka Kigali kwenda Rusumo au Kagitumba ana Ziwa Muhazi njiani. Anayepita Holili ana bwawa la Nyumba ya Mungu, kusini mwa Moshi. Kila maji yana upepo wake, mamba au viboko wake, na mwenyeji anayeyajua. Huyo mwenyeji ndiye wa kuulizwa kwanza.

Abaki mmoja nchi kavu

Kila kundi huwa na mtu mmoja asiyependa maji. Asichekwe, apewe kazi. Aandikiwe majina ya wote waliopanda, rangi ya boti, simu ya mwenye boti, mahali pa kuanzia na pa kumalizia, na saa ya kurudi. Saa hiyo ikipita kwa nusu saa na simu haipokewi, asingoje: apige ripoti polisi na kwa wenye boti wengine pale pale.

Wafanyabiashara wanaijua karatasi hiyo. Ni orodha ya mzigo. Lori likifika, mwenye mali huishika mkononi na kuhesabu gunia moja moja hadi hesabu ikamilike. Jinja, saa saba mchana, anayeshika orodha husimama ukingoni na kuhesabu watu.