Kadi ya Benki na Kiapo cha Msahafu

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, tulipokuwa tukikunja mikeka ya madrasa yetu hapa Moshi, aliingia bwana mmoja ambaye watoto wake wawili husoma kwetu. Mkononi alishika karatasi tatu za taarifa ya akaunti yake ya benki, na nyuma yake alifuatana na kijana wa miaka 17, mtoto wa dada yake, aliyeletwa kutoka Usangi ili asome shule ya sekondari hapa mjini. Kijana alituamkia kwa sauti ya chini wala hakuinua uso. Mjomba wake hakutaka hata kuketi. "Ustadhi," alisema, "nimekuja ututolee Msahafu, huyu aape. Fedha zangu zimeliwa, na nyumbani kwangu hapana ajuaye mambo ya simu ila yeye."

Tulizitazama zile karatasi. Kulikuwa na mistari 12 iliyotiwa alama ya kalamu nyekundu, katika muda wa miezi mitatu, na jumla yake ilikuwa Sh. 291,950. Kando ya kila kiasi paliandikwa maneno ya Kiingereza yaliyokatwa katikati, pamoja na nyota na namba, yasiyofanana na jina la duka lolote la Moshi wala la Arusha. Kwa mtu auzaye misumari na mabati karibu na soko la Mbuyuni, aliyezoea kulipana na watu uso kwa uso, maneno yale yalikuwa kama maandishi ya majini. Hatumlaumu kwa kushtuka. Fedha zile alikuwa akiziweka kwa ajili ya ada ya huyu huyu kijana.

Hata hivyo Msahafu hatukuutoa, na twapenda kueleza sababu, maana jambo hili laweza kutokea katika nyumba yoyote. Katika Hadithi Arubaini zilizokusanywa na Imam Nawawi, ile ya 33 yafundisha kanuni ambayo makadhi wameitumia karne baada ya karne: adaiye ndiye atakiwaye kuleta ushahidi, na kiapo ni cha yule anayekana. Watu wengi wameishika nusu ya pili wakaisahau ya kwanza. Hukimbilia kiapo kwa sababu ni chepesi, hakina gharama, na hutisha. Tulimwuliza yule bwana ushahidi wake ni upi, akatuonyesha karatasi. Tukamwuliza kama ameisoma. Akasema ameijumlisha. Basi tulimwambia kwamba kujumlisha si kusoma, na kwamba tutakutana kesho baada ya sala ya Alasiri, sote wanne, pamoja na mwanafunzi wetu wa zamani ambaye sasa ni mhasibu. Kijana tulimwomba alale kwetu usiku ule, na mjomba wake hakukataa.

Wazee wetu wa mlimani waliijua thamani ya karatasi. Tangu chama kikuu cha KNCU kilipoanzishwa mwaka 1933, mkulima wa Machame au wa Kibosho aliyepeleka kahawa yake kupimwa alikuwa akingoja malipo yaje kwa mafungu, na aliyepoteza stakabadhi yake ya mzani alijua kwamba ameharibu ushahidi wake mwenyewe. Na sisi Waislamu tuna sababu kubwa zaidi, kwani aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, nayo ni ya 282 ya Suratul Baqara, haizungumzi habari za pepo wala moto, bali yaamrisha kuandika madeni na kuweka mashahidi. Leo benki yatuandikia kila senti, nasi hatusomi mpaka siku ya kilio.

Kesho yake mhasibu alianza kwa kutueleza kadi yenyewe. Mbele kuna namba 16 pamoja na mwezi na mwaka wa mwisho wake, na aghalabu nyuma kuna tarakimu tatu. Anunuaye dukani huitoa kadi na kubonyeza namba yake ya siri. Anunuaye kwa njia ya intaneti huziandika zile namba tu, na kadi hubaki mfukoni. Benki nyingi hutuma kwa simu namba ya kuthibitisha, inayotumika mara moja, lakini si kila muuzaji wa ng'ambo huitaka. Tena, mtu akisha kuiandika kadi yake katika duka la programu la simu, kama Google Play au App Store ya Apple, namba zaweza kuwekwa huko, na ununuzi wa pili wataka kugusa kioo tu. Na kwa kuwa kadi zilizo nyingi kwetu ni za kutoa fedha za mtu mwenyewe, wala si za mkopo, kinachochukuliwa ni akiba yako hasa, saa ile ile.

Kisha alituonya tusitafute kwa kiasi cha fedha peke yake. Bei ikiwa ya dola hubadilishwa kwa kiwango cha siku ile, na benki yaweza kuongeza ada yake, hata kitu cha bei moja huonekana kwa viasi mbalimbali kila mwezi. Tarehe nayo huteleza, kwani siku ya kununua si lazima iwe siku ya kuandikwa katika akaunti. Hata jina la muuzaji laweza kuwa jina la kampuni yake, si jina la kitu ulichonunua. Yaliyonunuliwa katika Google Play aghalabu huanza na neno GOOGLE, kisha nyota, kisha jina la programu au la mwenye kuitengeneza. Ya Apple huandikwa APPLE.COM/BILL. Mahali pa kuanzia ni barua pepe iliyofungulia simu, maana stakabadhi huenda huko, na zile za Google Play hubeba namba inayoanza na herufi GPA. Yule bwana alisema barua pepe yake hajaifungua tangu aliponunua simu. Kijana ndiye aliyemfungulia pale pale mbele yetu.

Mistari mitatu ya kwanza ilikuwa ya Sh. 13,120, Sh. 12,790 na Sh. 13,040. Stakabadhi zake zilipatikana mara moja. Zilikuwa za programu ya tafsiri na nyakati za sala, ambayo yule bwana mwenyewe aliiingiza katika simu yake mwanzoni mwa Ramadhani kwa sababu ilitangazwa kuwa ni bure. Ilikuwa bure kwa siku 7, na baada ya hapo malipo ya kila mwezi. Baada ya Idi aliifuta, akadhani yamekwisha. Kumbe kuifuta programu si kuvunja mapatano! Mapatano huvunjwa katika duka la programu, mahali palipoandikwa habari za malipo na usajili, na asiyekwenda huko huendelea kulipa hata kama simu yenyewe imevunjika. Yule bwana alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Hii ni yangu."

Mistari saba iliyofuata ilikuwa ya Sh. 5,300 kila mmoja, yote ya siku moja. Stakabadhi zilionyesha saa: zote zilikuwa kati ya Alasiri na Magharibi, siku ya Jumapili. Tulikwenda kuchukua daftari letu la mahudhurio. Saa ile kijana alikuwa hapa madrasani, akiwasomesha watoto wadogo Juzuu Amma kwa niaba yetu, kwa sababu sisi tulikwenda maziko Uru. Simu ilikuwa nyumbani, kwa binti wa yule bwana mwenye miaka saba, naye alikuwa akicheza mchezo wa kupika keki, ambao kila keki ikiungua humwuliza mchezaji kama ataka kununua vito aendelee. Mtoto aligusa. Kwake yeye vile vito havikuwa fedha.

Wala wasomaji wasidhani kwamba haya ni ya watu wa Moshi walioingiliwa na mambo wasiyoyajua. Huko Marekani zilikotoka simu hizi, Tume ya Biashara ya Shirikisho iliishtaki kampuni ya Apple kwa jambo hili hili, na mnamo Januari 2014 Apple ilikubali kuwarudishia wazazi dola zisizopungua milioni 32.5. Ilibainika kwamba mzazi akisha kuandika neno lake la siri mara moja, mtoto aliweza kununua kwa dakika 15 bila kuulizwa tena. Mama mmoja alieleza kwamba binti yake alitumia dola 2,600 katika mchezo mmoja wa kutunza wanyama. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule Google nayo ilikubali kurudisha dola zisizopungua milioni 19, na kwake mlango ulibaki wazi kwa dakika 30. Tangu hapo maduka hayo yameweka mahali ambapo mzazi aweza kuamuru neno la siri liulizwe kwa kila ununuzi. Lakini ni mzazi mwenyewe atakayekwenda kuamuru hivyo, na wengi wetu hatujakwenda.

Ikabaki mistari miwili. Mmoja ulikuwa wa Sh. 1,300, wa usiku wa manane. Wa pili, siku mbili baadaye, ulikuwa wa Sh. 214,600. Hizi hazikuwa na stakabadhi katika barua pepe, jina la muuzaji halikujulikana na yeyote nyumbani, wala hazikutoka katika duka la programu. Mhasibu alisema hapa ndipo penye mwizi wa kweli, naye yamkini yuko mbali na Kilimanjaro. Wezi wa namba za kadi hujaribu kwanza kiasi kidogo wapate kujua kama kadi iko hai na kama mwenyewe yuko macho. Wakiona kimya, huja na kikubwa. Alimwagiza yule bwana aipigie simu benki yake dakika ile ile ili kadi ifungwe, kwa namba iliyochapwa nyuma ya kadi, wala si kwa namba aliyotumiwa na mtu yeyote. Jambo hili tulilielewa vizuri asubuhi yake, alipopigiwa simu na mtu aliyejiita mfanyakazi wa benki, akimtaka ataje namba ya siri ili fedha zirudi. Benki haiulizi namba ya siri. Yule bwana, tunashukuru, alikata simu.

Sasa twafika mahali palipotusumbua kuliko pote. Benki ilimpa fomu ya kukana malipo, nayo ilimtaka aorodheshe kila mstari anaoukana na kutia sahihi kwamba yeye hakufanya malipo yale, wala hakumruhusu mtu kuyafanya. Alirudi kwetu na fomu. Alikuwa ameandika mistari yote 12. "Ustadhi," alisema, "benki ina fedha nyingi, na mwizi yupo, hili si uongo. Wakirudisha vya mwizi, warudishe na hivi."

Tulimwuliza mistari ile mitatu ni ya nani. Akasema ni yake. Tukamwuliza saba ni za nani. Akasema ni za mtoto. Tukamkumbusha kwamba siku mbili zilizopita alitaka tumwapishe mtoto wa dada yake juu ya Msahafu kwa mistari hii hii, na leo ataka kuitilia sahihi yeye mwenyewe kwamba haijui. Fomu ya benki haina jalada la Msahafu, lakini ushahidi ulioandikwa ndani yake ni ushahidi. Na zaidi ya dhambi kuna hasara, kwa kuwa benki humwuliza muuzaji, na muuzaji ataonyesha simu iliyotumika na nyumba ilimokuwa, na dai la kweli litashukiwa kwa sababu ya lile la uongo. Aliichukua fomu nyingine, akaandika mistari miwili.

Kwa ile saba alimwandikia muuzaji wa mchezo, akasema kweli kwamba ni mtoto aliyenunua bila ruhusa. Alirudishiwa manne, matatu alinyimwa. Kwa ile mitatu hakudai kitu, bali aliuvunja usajili.

Wenye dai la namna hii wasikawie. Google, mathalani, yataka ununuzi usioruhusiwa uarifiwe ndani ya siku 120, na benki nazo zina mipaka yao. Andika tarehe uliyopiga simu na jina la aliyekupokea, na nakala ya fomu uibakize. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwaka 2019 kanuni za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, na kwa kanuni hizo kila benki yapasa kuwa na utaratibu wa kupokea malalamiko. Mtu huanza kwa benki yake. Asiporidhika, aweza kupeleka shauri lake Benki Kuu, ambayo kwa sisi wa upande huu ina tawi lake Arusha.

Fedha za mwizi, Sh. 215,900, zilirudi baada ya wiki sita, pamoja na kadi mpya. Lakini kabla hazijarudi kulikuwa na jambo jingine. Usiku ule wa kwanza, kabla ya kuja kwetu, yule bwana alikuwa amekwisha kumpigia simu dada yake na kumwambia kwamba mwanawe ni mwizi, na Usangi habari haikai nyumba moja. Kijana alikuwa amekunja nguo zake akitaka kurudi kwao kujisafisha jina. Tulisema na mjomba wake faragha. Alifikiri kumpigia dada yake simu tena, kisha akaona kwamba haitoshi, kwa sababu simu ataisikia mmoja, na waliosikia neno la kwanza ni wengi. Jumamosi alifunga duka, akapanda basi la asubuhi pamoja na kijana, na karatasi zile zenye kalamu nyekundu alizitia mfukoni, ili awasomee wazee wa kule mstari kwa mstari.