Kivuko cha Garsen na Daraja Lililochukua Nafasi Yake

Maji ya Mto Rupingazi, unaopita kando ya mji wetu wa Embu, huingia Mto Thiba, kisha bwawa la Kamburu kwenye Mto Tana. Kutoka hapo huteremka kupitia Garissa na Hola hadi Garsen, si mbali na Bahari Hindi. Hapo Garsen ndipo wasafiri wa barabara ya Malindi hadi Lamu walivuka kwa feri miaka mingi.

Feri hiyo ilivutwa kwa mikono. Wahudumu walishika kamba iliyonyoshwa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, wakavuta hatua kwa hatua, huku magari mengine yakingoja zamu. Mto ukiwa mtulivu, kazi ilikwenda. Ukifurika, mkondo ulishinda nguvu za mikono, na gati lenyewe likafunikwa. Gari halikuwa na pa kupandia. Lamu ilikatika na nchi nzima kwa njia ya barabara.

Daraja lilipojengwa, kamba ikapumzishwa. Lakini daraja huvusha mto tu, halivushi bonde. Garsen ni tambarare, na Tana ukijaa hutanda mbali na kingo zake. Mwishoni mwa 2023 barabara ya Lamu ilikatwa na mafuriko eneo la Gamba, ingawa daraja lilikuwa limesimama.

Garissa nako, ambako wengi wetu hupita kupitia Mwingi, mambo yalikuwa hayo hayo mwezi wa Aprili 2024. Maji yalifunika barabara kati ya Madogo na mji wa Garissa, watu wakarudi kwenye mashua kama zamani. Tarehe 28 Aprili mashua moja ilipinduka eneo la Kona Punda. Watu 23 waliokolewa, wengine walifariki.

Kwa hivyo, msafiri, kabla ya kuondoka ulizia hali ya barabara yenyewe, usiulize tu kama daraja lipo. Fuatilia pia matangazo ya KenGen kuhusu mabwawa kujaa. Maji yanayomwagika huko juu huchukua siku kadhaa kufika Garissa na Garsen, hivyo mvua inaweza kukatika hapa Dallas na mafuriko yakawa bado yako njiani. Ukilazimika kupanda mashua, vaa jaketi la kuokoa maisha, na ukiiona imejaa kupita kiasi, ngoja nyingine.