Tembe huua minyoo tumboni, si mayai udongoni

WAZAZI wengi huamini kwamba mtoto akisaga meno usiku, basi ana minyoo. Madaktari hawaitegemei dalili hiyo. Mtoto mwenye minyoo michache huenda asionyeshe dalili yoyote. Ikiwa mingi, humnyima chakula, humpunguzia damu na kumfanya asinzie darasani.

Kaunti ya Kakamega inaifaa sana minyoo. Mvua ni nyingi, na udongo chini ya mahindi, migomba na miwa hukaa na unyevu muda mrefu. Mtu akijisaidia shambani, mayai ya mchango hukomaa humo na yanaweza kudumu miezi mingi, kisha hufika kinywani kwa vidole vichafu au matunda yasiyooshwa. Safura haingoji kinywa. Minyoo yake michanga hutoboa ngozi ya mguu usio na kiatu, ikaenda kufyonza damu katika utumbo.

Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO) limeiweka minyoo hii katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyopuuzwa. Yamepuuzwa kwa sababu huwashika zaidi maskini, ambao sauti zao hazisikiki. Mnamo Januari 2012, serikali, mashirika na kampuni za dawa zilikutana London zikaahidi kuyakabili, dawa nyingi zikitolewa bure.

Humu nchini, mpango wa kuwapa watoto dawa shuleni ulianza 2009 ukapanuliwa 2012. Mwalimu humpa mtoto tembe moja, aimeze mbele yake. Uchunguzi uliofanywa katika shule za maeneo yaliyoathirika, Magharibi ikiwemo, ulionyesha kuwa mwaka 2012 karibu mtoto mmoja kati ya watatu alikuwa na minyoo. Kufikia 2018 walikuwa 13 hivi kwa kila 100.

Mbona basi haijaisha? Tembe huua minyoo iliyo tumboni siku hiyo. Haigusi mayai yaliyo udongoni, wala haimkingi mtoto asiambukizwe tena wiki ijayo. Isitoshe, watu wazima nyumbani hawakumeza dawa. Katika kaunti ya Kwale, watafiti walilinganisha njia tatu kwa miaka miwili. Palipotibiwa watoto wa shule pekee, safura ilishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8. Palipotibiwa kila mtu mara mbili kwa mwaka, ilishuka kutoka asilimia 20.6 hadi 6.3.

Ushindi unawezekana. Mwaka 2018, WHO ilithibitisha kuwa Kenya haina tena mnyoo wa Guinea. Mnyoo huo hauna dawa wala chanjo. Duniani kote umepunguzwa na watu waliochuja maji ya kunywa na kuwazuia wagonjwa wasiingie vidimbwini. Mwaka 2025 ikawa zamu ya malale, ambayo WHO ilitangaza kuwa si tishio tena kwa afya ya umma humu nchini.

Kwa hivyo, familia inayofunga safari ya Kakamega msimu wa likizo iwavalishe watoto viatu, iwafunze kunawa kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka chooni, na kuosha matunda. Mama mjamzito apate ushauri kliniki kabla ya kumeza dawa ya minyoo. Na anayewapelekea wazee sukari na mkate, awaulize pia kama choo kingali imara. Kama kimebomoka, ndugu wachange wajenge kingine. Bila choo, tembe ya mwaka huu itadaiwa tena mwaka ujao.